Namna ya Kuchagua Programu ya Simuleta kwa Anayeanza Kujifunza Urubani

Kijana wa Kilambo, eneo la mpakani kando ya Mto Ruvuma mkoani Mtwara, anaweza leo kuketi mbele ya kompyuta, kuruka kutoka Kiwanja cha Ndege cha Mtwara na kuutazama mto wa kwao kutoka angani. Hayo yamewezeshwa na simuleta, yaani programu zinazoiga urushaji wa ndege. Hata hivyo, si kila programu inayopendeza macho humfundisha anayeanza. Uchaguzi usiofaa humjengea mazoea mabaya ambayo baadaye mwalimu hulazimika kuyaondoa ndani ya ndege halisi, ambako kila saa ina gharama kubwa.

Matumizi ya simuleta si jambo jipya. Mwaka 1929 Edwin Link wa Marekani alitengeneza chombo cha kuwafundishia marubani wakiwa ardhini, na chombo hicho kilitumika kwa wingi katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia.

Kigezo cha kwanza cha uchaguzi ni stadi za msingi, ambazo ni nne: kwenda sawa bila kupanda wala kushuka, kupinda, kupanda na kushuka. Programu inayofaa huiga ndege ndogo ya mafunzo, kama vile Cessna 172, kabla ya ndege kubwa za abiria. Ipo njia rahisi ya kuipima: mwanafunzi apunguze nguvu ya injini huku akiendelea kuinua pua ya ndege. Kasi ikishuka hadi karibu na noti 50, mabawa yanapaswa kupoteza uwezo wa kuibeba ndege, nayo ianze kuporomoka. Ikiwa ndege itaendelea kuelea, programu hiyo ni mchezo tu.

Kigezo cha pili ni uwezo wa kompyuta na upatikanaji wa intaneti. Microsoft Flight Simulator, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1982, ina mandhari ya kuvutia sana, lakini matoleo yake ya karibuni yanahitaji kompyuta yenye nguvu na hupakua picha za ardhi kupitia intaneti wakati wa safari. X-Plane hukokotoa nguvu za hewa katika kila sehemu ya bawa, inaweza kutumika bila intaneti, na ina toleo la majaribio lisilolipiwa. FlightGear, iliyoanza kutolewa mwaka 1997, ni ya bure kabisa, na mandhari ya eneo husika yanaweza kupakuliwa mapema. Kwa shule au familia yenye bajeti ndogo, hiyo ya mwisho ni pa kuanzia.

Kigezo cha tatu ni vifaa vya kuongozea. Kibodi haimfundishi mwanafunzi wepesi wa mkono. Kijiti cha kuongozea, hata cha bei nafuu, ni muhimu kuliko picha nzuri.

Zoezi la kwanza linaweza kufanyika nyumbani: kuondoka Mtwara, kuufuata ufukwe kuelekea Msimbati, kuitambua Ghuba ya Mnazi, kisha kufika mlango wa Ruvuma na kurejea. Mwanafunzi huzoea kutazama nje na kuulinganisha upeo wa macho na pua ya ndege, badala ya kukodolea saa za ndani. Hapo pia hujifunza jambo ambalo programu haimkumbushi: ng'ambo ya mto ni Msumbiji, na rubani halisi havuki mpaka wa nchi bila kuwasilisha mpango wa safari.

Pamoja na manufaa hayo, simuleta ya nyumbani haitoi leseni. Viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO) vinamtaka mwombaji wa leseni ya rubani binafsi awe na umri usiopungua miaka 17 na saa 40 za kuruka, au 35 akiwa katika mafunzo yaliyoidhinishwa. Kati ya hizo, saa zisizozidi tano zinaweza kutoka katika simuleta, nayo lazima iwe imekubaliwa na mamlaka husika. Nchini Tanzania, leseni hutolewa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA).

Kwa hiyo, anayeanza anashauriwa kuchagua programu kwa kile inachomfundisha, si kwa uzuri wa picha zake, na mapema awezavyo apate mwalimu wa kuyakagua mazoea yake.