Chelezo cha Kuvulia Penye Visiki

Ndugu mkulima, leo tutoke shambani kidogo, twende ukingoni mwa maji. Wewe unayelima kando ya bwawa la Mtera, au bwawa jingine lolote lililofunika miti, unajua kwamba perege hawakai ovyo. Wanakaa penye miti. Mtera lilipojengwa katika miaka ya 1970, ili kuweka akiba ya maji ya mitambo ya umeme ya Kidatu, maji ya Ruaha Mkuu na Kisigo yalifunika pori, na miti mingi ikafa ikiwa imesimama. Ukoga huota juu ya magogo yale, wadudu hujificha humo, na perege hula hapo hapo, kivulini.

Lakini penye kitoweo ndipo penye hasara. Unatupa mshipi, ndoana inanasa kwenye tawi, unavuta, mshipi unakatika. Ndoana imekwenda, chubwi imekwenda, na jioni watoto wanakula ugali kwa chumvi. Mimi niliwahi kupoteza ndoana nne asubuhi moja, na samaki sikumpata hata mmoja. Mzee mmoja mvuvi akakitazama chelezo changu, akacheka, akasema, "Mwanangu, hilo ni boya la wavu." Kilikuwa kizibo kinene, cha duara.

Na kweli nilikuwa nimekosea. Kizibo kinene kinaelea kwa nguvu. Perege hamezi kwa pupa. Yeye huonja, huvuta kidogo kwa midomo. Akikuta kitu kinamvuta kurudi juu, anatema chambo, na wewe huku juu huoni lolote. Halafu kitu cha duara ukikivuta kati ya matawi kinabana kwenye panda, hakitoki.

Basi chagua chelezo chembamba, kinene kama penseli au pungufu, na urefu wake kama kidole cha kati. Huna haja ya kukinunua. Mwiba wa nungunungu ni mzuri sana. Bua la unyoya wa bata mzinga nalo ni zuri, ila ziba kwa nta pale ulipokata, maji yasiingie. Moyo wa bua la mtama lililokauka ni mwepesi, lakini hunywa maji, kwa hiyo upake rangi au nta kwanza. Wengi hukata kandambili kuukuu. Si vibaya, mradi ukate kipande chembamba, si kipande kizima cha kisigino!

Namna ya kufunga ndiyo watu wengi hawaijali. Usifunge chelezo upande mmoja tu. Kikining'inia hivyo, kinajizungusha kwenye kijiti, na uzi unajisokota. Chukua mpira mwembamba wa valvu ya baiskeli, kata pete mbili, uvishe moja juu na moja chini, uzi upite ndani ya zote mbili. Chelezo kitalala sambamba na uzi, kitapita kati ya vijiti bila kushika. Tena utaweza kukisogeza juu na chini bila kufungua fundo.

Sasa chukua ndoo ya maji hapo nyumbani. Tia ndoana, chambo na chubwi ndogo, ukitazama. Ongeza au punguza risasi mpaka chelezo kisimame wima, na kinachoonekana juu ya maji kiwe kama ukucha wa kidole gumba, basi. Kikiwa hivyo, hata perege akipumulia chambo utaona. Ncha ipake nyekundu au nyeupe. Jua likipiga maji yakang'aa, nyeusi huonekana vizuri zaidi, kwa hiyo mimi huweka viwili mfukoni.

Ukifika majini, usirushe mbali. Tumia mwanzi mrefu, ushushe mshipi wima kando ya mti. Chelezo kikilala ubavu, ujue chubwi imekaa juu ya tawi au chini kabisa. Kisogeze karibu na ndoana kidogo kidogo, mpaka kisimame. Halafu punguza shibiri moja zaidi. Hapo ndoana inaning'inia juu ya matawi, wala haimo ndani yake. Perege atapanda kuifuata.

Utasema, nikishapima mara moja imetosha. Haitoshi. Mtera likijaa, maji hufika mita 698.5 juu ya usawa wa bahari, na kiwango cha chini cha kuendeshea mitambo ni mita 690. Hiyo ni tofauti ya mita 8.5! Kisiki ulichokiona kimesimama mwezi wa Novemba, mwezi wa Aprili huenda umekipita juu kwa mtumbwi bila kujua. Kipimo cha juzi sawa, lakini cha mwezi uliopita kitakula ndoana zako.

Upepo ukivuma, chelezo chembamba hupotea kwenye mawimbi. Wapo wanaobadili na kuweka kinene. Mimi naona heri kuhamia upande wenye kingo.

Chelezo kikizama, inua. Kikienda pembeni polepole, inua. Na kikiinuka ghafla kikalala, inua vile vile, maana perege amenyanyua chambo pamoja na chubwi. Inua mwanzi juu moja kwa moja. Ukimvuta kwa ubavu utampeleka mwenyewe kwenye matawi.

Ndoana ikinasa licha ya yote hayo, usivute kwa hasira. Legeza uzi, ushushe mwanzi, utikise. Mara nyingi chubwi yenyewe inaiangusha. Ikikataa, kata uzi. Usivue nguo ukaingia kuifuata. Mtera lina mamba na viboko, na mamba hupenda kujificha penye visiki kama hivyo.