Skrini Tatu, Kisanduku Kimoja

Wanachama wengi mnajua kwamba mwaka huu chama kimeanza kuandika maneno ya video tulizorekodi kwa wazee wetu. Kazi ni ya polepole. Dakika moja ya mazungumzo huweza kula nusu saa, na haifanyiki vizuri kwenye skrini ya kompyuta ya mkononi, kwa sababu lazima uone vitu vitatu kwa pamoja: video, maandishi na kamusi.

Mtu anaweza kuuliza, video si ibanwe pembeni? Haibaniki. Bibi mmoja wa Mombasa anasema "ndoo", na asiyejua Kimvita ataandika chombo cha kuchotea maji. Lakini ukiiona video kwa ukubwa wake, unaona mkono wa bibi ukiita. Anasema njoo. Baadhi ya wazee hawa hatutaweza kuwauliza tena, kwa hiyo picha ndiyo shahidi aliyebaki.

Chumba chetu nacho ni kidogo, na meza tunagawana na vyama vingine. Tulihitaji kompyuta ya kufungiwa kabatini kila jioni, na wote tukakubaliana juu ya Mac mini. Ubishi ulianza kwenye swali la toleo gani, kwa kuwa fedha hizo hizo ndizo za nauli ya kwenda kuwarekodi wazee waliobaki.

Hapa kuna jambo ambalo tangazo la dukani halilipi uzito: idadi ya matundu si idadi ya skrini. Mac mini ya mwaka 2020, yenye chipu ya M1, ina matundu mawili ya Thunderbolt na moja la HDMI. Ukihesabu unapata matatu. Chipu yenyewe, hata hivyo, inakubali skrini mbili tu: moja ya hadi 6K kwa Thunderbolt, nyingine ya hadi 4K kwa HDMI. Toleo la 2023 lenye M2 ya kawaida nalo huishia mbili; M2 Pro ndiyo inayofika tatu. Ile ya 2024 yenye M4 inafika tatu bila kulazimika kununua chipu ya Pro. Lakini anayeinunua aangalie: matundu mawili ya mbele yana umbo lile lile la matatu ya Thunderbolt yaliyo nyuma, na hayapitishi picha. Ni ya data na umeme tu.

Kisha kuna kebo. Skrini ya 4K ina pikseli 3840 kwa 2160, yaani 8,294,400, mara nne ya skrini ya 1920 kwa 1080. Kila pikseli huchukua biti 24, na picha hubadilishwa mara 60 kwa sekunde. Zidisha, utapata karibu biti bilioni 12 kila sekunde, kwa skrini moja tu. HDMI 1.4 haibebi mzigo huo. Kwa 4K huishia mara 30. HDMI 2.0, iliyotoka mwaka 2013, inaubeba. Adapta ya bei rahisi tuliyoletewa ilikuwa na maandishi makubwa ya "4K" kwenye boksi. Muuzaji hakusema uongo, alisema nusu. Picha ilikuja, ila kipanya kilikokoteka kama kimefungwa jiwe. Tuliirudisha siku ile ile.

Wengine walipendekeza kigawanyio, tundu moja litoe skrini mbili. Kwenye kompyuta nyingi za Windows hilo linawezekana kwa DisplayPort. Kwenye Mac, kigawanyio cha namna hiyo hurudia picha ile ile kwenye skrini zote mbili. Kamusi mbili zilizofunguka ukurasa mmoja hazitusaidii.

Njia iliyobaki ni DisplayLink. Hii hutumia programu: kompyuta inaibana picha, inaipitisha kwenye USB, na kifaa cha upande wa pili kinaikunjua. Prosesa inafanya kazi ya ziada, na video hupoteza ulaini. Kwa maandishi yaliyotulia haina neno. Na kamusi, jamani, imetulia.

Basi tukanunua ya 2020 iliyokwishatumika. Video iko kwenye skrini ya 4K ya Thunderbolt, maandishi kwenye ya HDMI, na kamusi kwenye skrini kuukuu ya 1080 kupitia DisplayLink. Wawili kati yetu bado wanasema tungenunua ya 2024 tukae kwa amani, na wana hoja: programu ya DisplayLink lazima iwe inaendana na mfumo kila unaposasishwa. Lakini nauli imebaki.

(Mwalimu mmoja anatutaka tuandike "kiwambo" badala ya "skrini". Tunalipenda neno hilo, linatokana na kuwamba ngozi juu ya ngoma. Kura itapigwa mkutano ujao.)

Skrini za 4K za inchi 27 tumezipanga zionekane kama 2560 kwa 1440, maana kwa ukubwa kamili herufi ni kama sisimizi. Tafadhali msibadilishe. Kebo zimefungwa utepe: nyekundu ya video, kijani ya maandishi, njano ya kamusi. Ya njano ikichomolewa, subirini sekunde chache baada ya kuirudisha. Ufunguo wa kabati uko kwa katibu.