Pikipiki ya mzee: Kiti kizuri ni sehemu ya mtaji

Na Mwandishi Wetu

WAFANYABIASHARA wa vipuri vya pikipiki mjini Tukuyu wanaye mteja anayestahili kutazamwa upya. Si kijana wa bodaboda anayekuja kununua tairi na cheni. Ni mzee wa miaka 55 na kuendelea, mwenye pikipiki yake, mwenye shughuli yake, na ambaye bado hajataka kustaafu barabarani.

Mteja huyo hahitaji mwendo wala urembo. Anachohitaji ni kutoka Masukulu asubuhi, kufika Tukuyu na kurudi nyumbani jioni bila kiuno kuuma wala viganja kufa ganzi. Kwake yeye kiti na shokapu ni sehemu ya mtaji kama ilivyo fedha ya kununulia mazao. Siku ambayo mgongo umegoma, na biashara imelala.

Kata ya Masukulu, kama ilivyo sehemu kubwa ya Wilaya ya Rungwe, hutegemea ndizi, maparachichi na maziwa. Rungwe ni miongoni mwa maeneo yanayopata mvua nyingi zaidi nchini, na barabara za udongo huharibika mapema. Kwa bidhaa inayooza, pikipiki ndiyo inayoamua kama mali itafika sokoni ikiwa na bei.

WAENDESHAJI WAMEZEEKA

Katika miaka ya 1980 na 1990, pikipiki vijijini ilikuwa ya bwana shamba, padri, mchungaji au ofisa wa mradi. Zilizofahamika zaidi zilikuwa Yamaha DT, Yamaha AG100 na Honda XL. Baada ya mwaka 2000 ziliingia za bei nafuu kutoka China, kisha zikafuata Bajaj Boxer na TVS kutoka India. Mwaka 2010 Serikali ilitoa kanuni za leseni za usafirishaji kwa pikipiki na bajaji, na pikipiki ya kubeba abiria kwa malipo ikatambulika kisheria.

Hesabu yake ni nyepesi. Aliyeanza kuendesha mwaka 1990 akiwa na miaka 25 alitimiza miaka 60 mwaka 2025, umri ambao Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamhesabu mtu kuwa mzee. Watumishi wengi wa umma hustaafu kwa hiari wakiwa na miaka 55, na kwa lazima wakiwa na 60. Mstaafu anayerudi kijijini akanunua pikipiki kwa sehemu ya kiinua mgongo anaanza biashara na chombo kilichotengenezwa kwa kumfikiria kijana.

WENZETU WALIVYOFANYA

Nchi tajiri zilikutana na jambo hili mapema. Kwa takwimu za chama cha sekta ya pikipiki cha Marekani, Motorcycle Industry Council, umri wa kati wa wenye pikipiki nchini humo ulikuwa miaka 32 mwaka 1990. Mwaka 2018 ulifikia miaka 50.

Baadhi yao hupenda pikipiki kubwa za safari ndefu zenye mwendo mkali. Zile humlaza mwendeshaji mbele, uzito ukaangukia viganjani na magoti yakakunjwa. Viwanda viliona kwamba mteja mwenye fedha anaanza kulalamika, vikageuza malalamiko hayo kuwa bidhaa. Honda ST1300 ilipoingia sokoni mwaka 2002, kiti chake kiliweza kuwekwa katika kimo cha milimita 775, 790 au 805, mwenyewe akachagua kinachomfaa.

Mwaka huohuo Umoja wa Ulaya ulitoa agizo namba 2002/44 kuhusu mtikisiko kazini. Kwa mikono, mwajiri hutakiwa kuchukua hatua mtikisiko ukifikia mita 2.5 kwa sekunde mraba kwa kipimo cha saa nane, na mwisho kabisa ni mita 5. Maana yake ni kwamba ganzi ya mikono inahesabiwa kuwa gharama ya kazi.

Masukulu hakuna kiwanda cha kumsikiliza mteja. Kazi hiyo ni ya fundi wa gereji, fundi makochi na mwenye duka la vipuri.

ANZA NA YASIYO NA GHARAMA

Mzee asikimbilie kununua kabla ya kukagua. Upepo wa tairi ukizidi, kila jiwe hupanda hadi kiunoni. Ukipungua sana, pikipiki huwa nzito kukata kona. Kipimo kinachofaa kimeandikwa katika kitabu cha pikipiki. Boliti za kushikilia injini zikilegea, cheni ikichakaa au beringi za shingo zikiisha, mtikisiko huongezeka na hakuna kiti kitakachouondoa.

Waya wa klachi uliokauka humfanya mwenye baridi yabisi ya vidole ateseke bure. Mafuta kidogo, au waya mpya, humaliza shida. Mikono ya klachi na breki nayo inaweza kuzungushwa ili kiganja kinyooke sawa na mkono badala ya kupinda.

KITI, HENDELI NA MIGUU

Kosa la kwanza katika kiti ni kudhani kwamba laini ndiyo nzuri. Sponji laini hudidimia, na baada ya kilomita chache mtu amekalia bati. Kinachofaa ni sponji ngumu kiasi, pana nyuma na nyembamba mbele ili miguu ifike chini. Kwa mvua za Rungwe, mshono usiwekwe pale makalio yanapokaa, kwa kuwa maji hupita kwenye matundu ya sindano na sponji ikalowa kwa siku kadhaa.

Kimo kina faida na hasara. Kiti kikiinuliwa, goti hupumzika, lakini mguu usipofika chini vizuri kwenye mteremko wenye tope, mzee ataanguka na pikipiki. Asiye na uhakika achague kiti kifupi.

Hendeli ikiinuliwa na kusogezwa nyuma kidogo, mgongo hunyooka. Baada ya kazi hiyo fundi awashe injini na kuikata hendeli hadi mwisho, kushoto na kulia. Mlio wa injini ukipanda, au waya wowote ukivutika, kazi haijakamilika na pikipiki isitoke gereji.

Kushusha mahali pa kukanyagia kwa kuchomelea kwenye fremu ni hatari, kwani fremu inaweza kudhoofika na pedeli ya breki ikawa mbali na mguu. Atakayenunua pikipiki nyingine achague yenye stata ya kitufe, kwa maana kupiga kiki kila asubuhi ni adhabu kwa goti bovu.

SHOKAPU NA MZIGO

Shokapu nyingi za nyuma za pikipiki za biashara zina hatua za kukaza na kulegeza. Anayepanda peke yake na shokapu zilizokazwa kwa ajili ya abiria wawili anajitesa mwenyewe. Zikivuja mafuta zibadilishwe zote mbili kwa pamoja.

Mzigo nao una sehemu yake. Maziwa lita 20 yana uzito wa kilo 20 na nusu hivi, bila dumu. Madumu mawili yakiwekwa kwenye keria nyuma ya ekseli, gurudumu la mbele huwa jepesi na mikono hufanya kazi ya kuishikilia pikipiki njia nzima. Yakining'inizwa pande mbili, chini na karibu na mwendeshaji, mabega hupona.

HESABU YA FAIDA

Tuchukue mfano, na tarakimu hizi ni za mfano tu. Mnunuzi wa maparachichi anabakiwa na sh. 15,000 kwa siku ya kazi, na kwa maumivu hukosa siku mbili kila wiki. Anapoteza sh. 30,000 kwa wiki. Akitumia sh. 150,000 kwa kiti, hendeli na shokapu, kisha akarudishiwa siku moja tu kwa wiki, fedha yake imerudi katika wiki kumi. Kila msomaji aweke tarakimu zake na kuona.

Kwa mwenye duka, tahadhari ni kutofungia mtaji kwenye bidhaa inayotoka polepole. Aanze na vitu vichache vinavyoingia kwenye aina mbili au tatu zinazoonekana zaidi barabarani: shokapu za nyuma, nyaya ndefu za klachi na za mafuta, mipira minene ya hendeli na hendeli ndefu. Akubaliane na fundi mmoja wa gereji na fundi makochi mmoja, amuuzie mteja kazi nzima kwa bei moja. Mzee hataki kuzunguka mjini na kipuri mkononi akitafuta wa kukifunga.

Na asiahidi kisichowezekana. Maumivu yasiyoisha baada ya pikipiki kurekebishwa, au ganzi inayobaki hadi asubuhi, ni ya hospitali ya wilaya na si ya gereji. Vivyo hivyo kwa macho: asiyeona vizuri jioni afanye biashara yake mchana.

Anayeanza na fedha kidogo aanze na ukaguzi, halafu kiti, halafu shokapu. Pikipiki mpya iwe ya mwisho katika orodha. Msimu wa mvua ndio humbana mzee zaidi, hivyo mwenye duka aagize bidhaa zake kabla mvua hazijaanza, siyo zikiwa zimekolea.