KWA NINI MAINI HUTUPWA MACHINJIONI

Wauzaji wa nyama hunung'unika pale mkaguzi anapolikata ini la ng'ombe na kuamuru lifukiwe, ilhali mnyama alionekana mzima na alichinjwa kwa mujibu wa dini. Inafaa ifahamike kuwa uhalali wa kichinjo ni jambo moja, na usalama wa nyama ni jambo jingine.

Sababu ya kawaida ni minyoo bapa, yenye umbo la jani na urefu wa sentimita 3 hadi 7, ikaayo katika mirija ya nyongo na kuifanya minene na migumu. Ng'ombe huipata kwa kula majani ya mabonde ya mpunga na kandokando ya madimbwi, waishimo konokono wanaoikuza. Mlaji haambukizwi kwa kula ini hilo, lakini kitu kilichoharibika hakiuzwi.

Vifuko vyeupe visivyozidi sentimita 1, vionekanavyo moyoni, ulimini na katika misuli ya taya, ni vichanga vya tegu. Hivi humwingia mtu alaye nyama isiyoiva. Mishikaki iliyoungua nje na kubaki mibichi ndani ndiyo ya kutiliwa shaka. Ng'ombe naye huambukizwa palipo na watu wajisaidiao maporini, kwani mayai ya tegu huyu hutoka kwa binadamu peke yake.

Linalostahili hadhari zaidi ni vifuko vya maji katika ini na mapafu, ugonjwa unaojulikana sana Turkana, Kenya, na ulioonekana pia kwa mifugo ya Tanzania Bara, ambako Visiwa hivi hupata sehemu ya wanyama wake wa kuchinjwa. Hapa hatari haimo sahanini. Mbwa akila pafu lenye kifuko, tegu wa milimita chache humea matumboni mwake, na mayai yao hutoka kwa kinyesi yakabaki katika manyoya, udongo na mboga. Mtoto akiyameza, kifuko huweza kukua ndani ya ini lake miaka mingi bila ya dalili, na mara nyingi tiba yake ni upasuaji.

Kwa hiyo, wanaochinja majumbani siku za Idd el-Hajj wanatakiwa kumwita bwana mifugo kabla ya nyama kugawiwa. Ini au pafu lenye kifuko lisipasuliwe wala lisitupwe jaani. Lichomwe moto, au lifukiwe katika shimo refu na kuwekewa mawe juu, mbwa wasiweze kulifukua.