Bodaboda ya mwanao ikianza kuyumba, usisubiri ianguke

Mpwa wangu ana miaka 10, anasoma darasa la nne. Kila siku ya shule, saa 12 asubuhi, bodaboda humfuata nyumbani kwao Mbezi, Dar es Salaam. Mwanzoni mwa muhula alimwambia mama yake: "Mama, pikipiki ya anko inatingisha mkia kwenye kona."

Dada yangu alidhani ni mwendo kasi. Akampigia dereva simu, akamsihi aende polepole. Kijana akaitikia vizuri na mwendo akaupunguza, lakini wiki iliyofuata mtoto akarudia maneno yaleyale.

Jumamosi tukamwomba dereva tukutane gereji. Fundi akaisimamisha pikipiki kwa stendi ya kati, akashika gurudumu la nyuma kwa mikono miwili, akalisukuma kushoto na kulia. Likacheza, tena kwa mlio. Bushi za nyuma zilikuwa zimekwisha.

Kijana yule hakuwa mzembe. Alijua pikipiki ina tatizo, ila kila jioni anatakiwa kupeleka hesabu kwa mwenye chombo, na saa anazokaa gereji ni saa ambazo haingizi kitu. Ndiyo maana matengenezo yalikuwa yanaahirishwa, huku mtoto akiendelea kupanda.

Sisi waandishi wa afya huzungumzia bodaboda majeruhi akiwa ameshafika wodini. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema ajali za barabarani huua watu wapatao milioni 1.19 kwa mwaka duniani, na ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Si kila ajali inatokana na ubovu wa chombo. Lakini ubovu ni kitu ambacho mzazi anaweza kukiona pikipiki ikiwa imesimama, kabla mtoto hajapanda.

Jambo moja kwanza: kanuni za Tanzania haziruhusu bodaboda kubeba mtoto aliye chini ya miaka tisa, wala abiria zaidi ya mmoja. Kama mwanao hajafikisha umri huo, maelezo haya hayahalalishi safari yake.

Ukaguzi wa dakika 10

Mwombe dereva mfanye pamoja, kwa heshima. Huhitaji kuwa fundi.

Tairi. Upepo ukiwa mdogo, usukani huwa mzito na nyuma huogelea kwenye kona. Usipime kwa kubonyeza na kidole. Tumia geji, asubuhi tairi likiwa bado la baridi. Kiasi kinachotakiwa huandikwa kwenye kibandiko cha pikipiki au kitabu chake, na cha nyuma huwa kikubwa zaidi kukiwa na abiria. Tairi kipara halina la kujadili, hasa wakati wa mvua.

Gurudumu la nyuma. Fanya kama alivyofanya fundi wetu. Likicheza peke yake, tatizo huwa ni beringi za gurudumu. Likicheza pamoja na ule mkono wa chuma unaolishika, bushi ndizo zimekwisha.

Usukani. Mtu mmoja akandamize nyuma ili gurudumu la mbele linyanyuke. Shika fimbo mbili za shokapu za mbele kwa chini, vuta na sukuma. Ukisikia mgongano, golori za shingo ya usukani zimelegea. Kisha zungusha usukani taratibu: ukikwama kidogo katikati, golori na vikombe vyake vimelika na vinatakiwa kubadilishwa. Kuvikaza tu hakusaidii. Usukani uliokazwa mno nao huifanya pikipiki iyumbe katika mwendo mdogo.

Shokapu. Angalia kama kuna oili inayovuja kwenye fimbo za mbele. Kandamiza kiti kisha achia. Pikipiki ikiruka zaidi ya mara moja, shokapu zimechoka.

Cheni. Ikikazwa upande mmoja kuliko mwingine, gurudumu hukaa upande na pikipiki huvuta pembeni. Alama za kulia na kushoto, pale inapokazwa, zinatakiwa zilingane.

Spoku. Zigonge moja moja kwa spana. Inayotoa sauti butu kuliko wenzake imelegea.

Breki. Pikipiki nyingi zina mshale mdogo kwenye mkono wa breki ya nyuma. Breki ikikanyagwa na mshale ukapita alama yake, breki zimekwisha kulika.

Mzigo nao uangaliwe. Keria ndefu yenye gunia nyuma ya kiti hupunguza uzito kwenye gurudumu la mbele, na usukani huwa mwepesi kupita kiasi. Mtoto na gunia la mkaa visisafiri pamoja.

Kinga inayodumu

Bushi zibadilishwe zote kwa pamoja, zikiwekwa grisi. Kwenye magurudumu, beringi zenye vifuniko huvumilia vumbi na tope kuliko zilizo wazi. Kwenye shingo ya usukani, baadhi ya mafundi huondoa golori na kufunga beringi za roli, ambazo hudumu zaidi zikifungwa na fundi anayejua. Tairi jipya lipate na tyubu mpya.

Kuna kinga nyingine ambayo wazazi wengi hawaifikirii: miguu. Mguu wa mtoto ukiingia kwenye spoku, kisigino kinaweza kuchunwa ngozi hadi ndani, na kidonda cha namna hiyo huchukua muda mrefu kupona. Baadhi ya pikipiki zinazotengenezwa India huja na wavu wa chuma pembeni ya gurudumu la nyuma, uliowekwa kuzuia sari isinase. Kama upo, usiondolewe. Kama haupo, fundi wa kuchomelea anaweza kuutengeneza. Mtoto ambaye miguu yake haifiki kwenye pedali za abiria bado hajafikia kupanda pikipiki.

Na kofia ngumu ibaki palepale. Utafiti unaonyesha kwamba hupunguza uwezekano wa mwendesha pikipiki kufa katika ajali kwa takriban asilimia 42, na wa kuumia kichwa kwa asilimia 69. Lakini iwe saizi ya mtoto na mkanda ufungwe. Ya mtu mzima huzunguka na kuvuka.

Nani alipe?

Hapo ndipo wengi tunapokwama. Dada yangu na kina mama wengine wawili wanaomtumia kijana yule walimpa nauli ya mwezi mapema ili anunue bushi. Wakakubaliana kwamba kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi pikipiki ikaguliwe, na siku ikiwa mbovu aseme bila kuogopa kupoteza wateja. Mwenye chombo naye alipigiwa simu, akakubali kupunguza hesabu ya siku ya gereji.

Wiki iliyofuata nilimuuliza mpwa wangu kuhusu pikipiki. Alisema sasa haitingishi, ila anko amepiga honi sana.

Jioni ya leo muulize na wako. Usimuulize kama amefika salama, hilo unaliona. Muulize pikipiki inaendaje kwenye kona.