Mhitimu Mbele ya Jopo la Usaili

Mwezi Juni mwaka 2014 Idara ya Uhamiaji ya Tanzania iliita vijana kwenye usaili wa nafasi 70, na kwa kuwa walioitwa walizidi 10,000, ikalazimu wakalishwe katika viti vya Uwanja wa Taifa jijini Dar es Salaam, mahali ambapo aghalabu watu huketi kutazama kandanda. Na mwaka 2025, Mamlaka ya Mapato ilipotangaza nafasi 1,596, waombaji walipita 130,000. Mhitimu azitazamapo hesabu hizi ana haki ya kuingiwa na fadhaa, walakini fadhaa isimfiche jambo moja zinalolisema wazi, nalo ni kwamba usaili haufanani na mtihani wa chuo. Chuoni kila afikaye alama ya kufaulu hufaulu, hata wawe mia. Katika usaili, nafasi ikiwa moja, mwenye 70 hurudi nyumbani kwa sababu jirani yake amepata 71.

Ajira nyingi za serikali husimamiwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na njia yake inajulikana: maombi hutumwa kwa mfumo wa Ajira Portal, ukafuata usaili wa mchujo, ambao ni wa kuandika, kisha wa vitendo kwa kada zinazouhitaji, kama udereva, na hatimaye mahojiano ya ana kwa ana. Vijana huyahofu mno mahojiano, ilhali wako wasiofika huko kwa taksiri ya karatasi tu. Matangazo hukariri kila mara kwamba kitakiwacho ni cheti chenyewe, wala si hati ya matokeo ya muda, na kwamba msailiwa aje na vyeti halisi pamoja na kitambulisho. Hata hivyo binti ambaye cheti cha kuzaliwa kimemwandika Mwanaidi, na cha kidato cha nne Mwanahidi, huitambua tofauti hiyo mbele ya meza ya uhakiki, anapoambiwa alete dipoli iliyosajiliwa, yaani hati ya kisheria ya kubadili jina, isiyopatikana kwa asubuhi moja. Najua vijiweni husemwa kwamba kazi hupewa wenye wajomba, na sithubutu kuapa kuwa maneno hayo yote ni uzushi; lakini aliyerudishwa kwa tofauti ya herufi moja hakuangushwa na mjomba wa mtu.

Ama maswali, chemchemi yake imo katika tangazo lenyewe, katika ile orodha ya majukumu ambayo wengi huipitia kwa jicho la haraka wakikimbilia mstari wa mshahara. Chukua kada ya ugavi. Tangazo linasema kwamba mwajiriwa atapokea vifaa vinavyoletwa na wazabuni, atavitunza ghalani na kufungua leja ya kumbukumbu zake. Basi asishangae msailiwa akiulizwa: mzabuni ameleta katoni 96 za karatasi, na hati ya ununuzi inasema 100, utafanya nini? Aliyekariri daftari la chuo ataanza kueleza maana ya ugavi na umuhimu wake kwa taifa. Aliyeyasoma majukumu atasema kwamba atahesabu upya mbele ya mleta mzigo, ataandika upungufu wa katoni nne katika hati ya mapokezi, hatatia saini kwa kitu asichokiona, na atamwarifu mkuu wake kabla ya malipo kuidhinishwa. Wanajopo, ambao kila mmoja hujaza alama katika karatasi yake, wanahitaji hatua za namna hiyo ili wapate cha kukipa alama; ufasaha mtupu hauwapi. Fauka ya hayo, Sheria ya Utumishi wa Umma, Sura ya 298, na Kanuni zake za mwaka 2022, zisomwe mapema, maana msailiwa wa kada yoyote huenda akaulizwa juu ya maadili ya kazi.

Baadhi ya mabenki na makampuni makubwa huongeza jaribio la kundi, ambapo wasailiwa kadhaa hupewa tatizo moja walijadili huku wakitazamwa. Mwenye sauti kubwa hudhani ameshinda. Mara nyingi anayesifiwa ni yule aliyemkaribisha mwenzake aliyenyamaza, akatunza wakati, na akayakusanya maoni kuwa uamuzi mmoja.

Na swali lile la kufungulia, "Jieleze kwa ufupi," lisidharauliwe: elimu, kazi au mafunzo ya vitendo, na kinachokuhusisha na nafasi hiyo, vyatosha kwa dakika mbili. Hadithi ya ukoo haihitajiki.

Wewe uliyehitimu mwaka huu na hujaona bado tangazo linalokufaa, toa vyeti vyako leo uvilinganishe jina kwa jina na tarehe kwa tarehe, kisha usahihishe kilichopishana. Tangazo likitoka, siku za kutuma maombi ni chache, na nauli, chakula na malazi ya usaili ni juu yako mwenyewe.