Chupa ya Mjerumani: Kioo na Neno katika Mbinga na Pwani ya Nyasa

Tuseme katika nyumba moja ya Mbinga imerithiwa chupa ya kioo cha kijani, nao wenyewe husema ni chupa ya Mjerumani. Mtafiti aandikaye historia ya ukoo huo atavutwa kuichukua habari hiyo kuwa ni ushahidi wa zama za Maji Maji, 1905 hadi 1907. Asifanye haraka. Yampasa kwanza kuitazama chupa, kisha alitazame neno.

Chupa husomwa toka kitakoni hadi mdomoni. Kovu la mviringo katika kitako huonyesha mahali ilipoachanishwa na fimbo ya chuma, iliyoishikilia fundi alipokuwa akiumba mdomo. Desturi hiyo ilififia katika viwanda vingi kuanzia katikati ya karne ya 19. Ila mshono wa kalibu ndio wenye faida zaidi. Ukipanda ubavuni ukakoma shingoni, kwa kawaida mdomo ulimaliziwa kwa mkono; ukivuka mpaka ukingo wa mdomo, chupa imetoka mashineni. Mashine ya Michael Owens, iliyojiendesha yenyewe, ni ya miaka ya kwanza ya karne ya 20, wala haikuenea kwa siku moja. Mdomo wa kubanwa kizibo cha bati hauwezi kuitangulia 1892, mwaka William Painter alipopewa haki ya uvumbuzi huo. Herufi D.R.G.M. ni za daftari la Ujerumani lililofunguliwa mwaka 1891. (Chupa za sumu za Kiingereza zilitiwa mifuo ubavuni ili mkono uzitambue gizani, mwenye kuirithi ya namna hiyo asiitumie kwa asali.)

Basi, chupa hii ina mshono mpaka mdomoni, na kizibo chake ni cha bati. Yaelekea ni ya baada ya vita vya 1914–1918, ambavyo ndani yake utawala wa Kijerumani ulikoma. Je, wazee wamekosea?

Si lazima. Kiungo *-a* hubeba zaidi ya maana moja: chupa iliyotengenezwa na Mjerumani, chupa aliyokuwa nayo, chupa ya wakati wake. Tena Mjerumani si serikali peke yake. Watawa Wabenediktini kutoka Ujerumani walifika Peramiho mwaka 1898, na wenzao wakaendelea kuja muda mrefu baada ya bendera ya Kaisari kushushwa. Chupa ya dawa au ya divai iliyotoka misheni katika miaka ya 1930 ni ya Mjerumani kwa haki kabisa, wala msemaji hakusema lolote juu ya utawala. Huko ufukoni mambo huchanganyika zaidi: Liuli, ambayo Wajerumani waliiita Sphinxhafen, ilikuwa na misheni ya Kianglikana, na hivyo vyombo vya mataifa mawili viliweza kukutana katika kijiji kimoja.

Tena kioo hutoa mwaka ambao chupa haiwezi kuutangulia, hakitoi mwaka ilipoingia nyumbani. Chupa haitupwi: hutiwa mafuta ya taa, kisha asali, kisha dawa ya mizizi, na kila matumizi yana mtu wake.

Kwa hiyo swali la kuwauliza wazee si "Ni ya zamani gani?", ambalo hujibiwa kwa neno moja, bali "Mjerumani yupi?", na "Nani aliyeileta nyumbani, nayo ilikuwa na nini ndani?"